Wadhamini wawili hawatoshi kumjua dereva

Tangazo la kazi ya udereva wa lori hapa Dar es Salaam unaweza kulikariri: leseni daraja E, cheti cha NIT au VETA, uzoefu wa miaka mitano, barua ya serikali ya mtaa na wadhamini wawili wanaoeleweka. Mimi ni afisa usafirishaji katika yadi moja ya Tabata, na karatasi hizo hupita mezani kwangu kila mara. Hakuna hata moja inayonieleza mwenye nazo akishika usukani anafanya nini.

Wadhamini nao, tuseme ukweli, tunawataka kwa ajili ya dizeli na mzigo. Mafuta yakinyonywa Chalinze au katoni zikipungua Tunduma, tunajua mlango wa kwenda kugonga. Mdhamini hawezi kuniambia kama ndugu yake huteremka mlima wa Kitonga kwa gia au kwa breki tupu mpaka magurudumu yanafuka moshi.

Ajabu ni kwamba mtu anayenunua Noah ya mtumba huingia kwanza kwenye mfumo wa Jeshi la Polisi kuangalia kama gari linadaiwa. Mfumo huohuo hupokea pia namba ya leseni, ukaangalia makosa ya dereva. Lakini mwenye malori anayemkabidhi mgeni semi-trela, tena ya kwenda mpaka Lubumbashi, anaridhika kwamba kijana ni wa kwao.

Hata hivyo, kuhesabu makosa si kuyasoma. Dereva aliyeandikiwa faini ya 30,000 kwa tairi kipara, taa isiyowaka au bima iliyoisha amebeba uzembe wa mwenye gari. Wapo wanaoilipa kwa posho yao ya safari kwa sababu bosi amekataa kununua balbu. Uzito ukizidi kwenye mizani ya Vigwaza, muulize kwanza aliyepakia. Mwendo kasi mbele ya kibao cha 50 na kuovateki kwenye kona, hayo ndiyo ya dereva mwenyewe. Na hapo pia naangalia kama yanajirudia. Kosa moja la zamani silishikii bango. Yakiwa matatu, kijiji kilekile, saa zilezile za jioni, nataka kujua pia nani alimpangia ratiba ya namna ile.

Niliwahi kusaili madereva wawili siku moja. Mmoja alikuwa na ajali mbili, mwenzake hana hata moja, na bosi wangu alishaamua kwa kutazama tu. Nikawauliza njia walizopita. Yule “msafi” alikuwa akisambaza soda kwa Canter kati ya Mbagala na Kariakoo. Mwenye ajali mbili alikuwa ameendesha semi-trela Zambia na Kongo kwa miaka, na ajali ya kwanza aligongwa kwa nyuma akiwa amesimama kwenye foleni ya mizani Makambako. Ya pili alikiri ni yake, akaeleza alichobadilisha tangu siku ile. Tulimchukua huyo.

Najua kwa nini madereva huogopa neno rekodi. Makundi ya WhatsApp ya wamiliki yamejaa picha za leseni zenye maneno “huyu msimwajiri”, bila tarehe, bila ushahidi, na mhusika hajaulizwa. Huko ni kumchafua mtu, na tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Lakini rekodi si lazima iwe hivyo: Marekani, mwajiri wa dereva wa lori anatakiwa na sheria kuomba rekodi yake ya miaka mitatu iliyopita, kutoka mamlaka ya leseni na kwa waajiri wa zamani, ndani ya siku 30 tangu amwajiri. Dereva naye ana haki ya kuyaona yaliyosemwa na waajiri hao, kudai yarekebishwe, au kuambatanisha utetezi wake. Haki hiyo ya dereva ndiyo inayoufanya wajibu ule wa mwajiri uvumilike.

Hatuhitaji kusubiri bunge. Dereva anapoondoka, kampuni impe karatasi moja: aina ya magari aliyoendesha, njia alizopita, makosa yaliyokuwa yake na yaliyokuwa ya gari, ajali na nani alionekana kuwa na kosa, pamoja na taarifa za mwendo kutoka kwenye GPS ambazo tayari tunazo kwenye kompyuta. Wasaini wote wawili, na nakala abaki nayo yeye.

Wamiliki watasema ni usumbufu. Nadhani wanachohofia ni hesabu. Leo dereva aliyepanda na kushuka Kitonga miaka minane bila kumkwaruza mtu analipwa sawasawa na aliyepindua lori mwezi uliopita na kuhamia yadi ya jirani. Akiwa na karatasi yake mkononi, ataomba nyongeza, na itabidi apewe.