Mwalimu wa Hisabati Naye Ahitaji Mwalimu

Katika shule zetu za msingi, mgeni aingiaye darasani na daftari mkononi huogopwa. Mwalimu huharakisha kutafuta andalio la somo, watoto huketi wima, na kipindi kilichokuwa kikienda kwa mwendo wake hugeuka kuwa maonyesho. Mgeni akishakagua azimio la kazi na shajara, huandika taarifa, hutia sahihi katika kitabu cha wageni, akaenda zake. Aghalabu asichokiona ni hesabu iliyomshinda mtoto wa dawati la nyuma.

Na tuitazame hesabu moja ya namna hiyo. Tuseme mwalimu wa Darasa la Tatu katika kata ya Kaagya, wilayani Bukoba, ameandika ubaoni 52 − 27, na watoto kadhaa wamejibu 35. Mwalimu anatia alama ya kosa kwa kalamu nyekundu, anaikariri kanuni kwa sauti, kisha anatoa hesabu nyingine: 64 − 38. Watoto wale wale wanajibu 34. Waweza kudhani kwamba wanabahatisha, lakini sivyo. Katika kila safu wametoa tarakimu ndogo katika kubwa: kwa mamoja wametoa 2 katika 7, na kwa makumi 2 katika 5. Wanayo kanuni yao, nayo haikuwahi kuwaangusha walipokuwa wakifanya hesabu kama 57 − 22. Kuirudia kanuni ya mwalimu kwa sauti kubwa zaidi hakuwezi kuing'oa kanuni ambayo mwalimu hajui kuwa ipo.

Hapo ndipo penye kazi ya mtu ninayetaka kumzungumzia, yaani mwalimu mshauri wa hisabati. Yeye haendi kwenye meza ya mwalimu, bali huketi karibu na mtoto na kumwuliza swali moja: umepataje 35? Kipindi kikiisha, humweleza mwalimu alichokisikia, nao wawili hutafuta dawa. Huenda wakakusanya vijiti na kuvifunga kumi kumi kwa kamba za mgomba, kitu kisichokosekana Bukoba wala Muleba. Mtoto hupewa mafungu matano na vijiti viwili, akaambiwa atoe ishirini na saba. Vijiti viwili havitoshi kutoa saba; hapana budi afungue fungu moja. Akishafanya hivyo kwa mikono yake, ile alama ndogo aandikayo juu ya tarakimu hupata maana. Juma lifuatalo mwalimu hufundisha mwenyewe, na mshauri hurudi kutazama, si kazi ya mwalimu peke yake, bali pia kama ushauri alioutoa ulikuwa na faida.

Mshauri anayelijua eneo ataona na jambo jingine. Maneno ishirini, thelathini na arobaini yameingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, wala hayamwonyeshi mtoto zile mbili, tatu na nne zilizomo ndani yake. Mtoto wa Kihaya nyumbani kwao husikia maneno yenye maana ya makumi mawili, makumi matatu, makumi manne. Lugha ya mama yake imekwisha kumfungia mafungu. Ni ajabu kwamba tunaiacha hazina hiyo mlangoni mwa darasa.

Wazo la mkufunzi anayewafuata walimu shuleni si geni nchini. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilipotaka elimu ya msingi iwafikie watoto wote ifikapo mwaka 1977, maelfu ya vijana waliomaliza Darasa la Saba waliingizwa darasani kufundisha huku wakisomea ualimu kazini. Katika miaka hiyo hiyo, chini ya mpango wa MTUU, uliozishirikisha Tanzania, UNICEF na UNESCO, wakufunzi walitoka vyuoni kuzungukia shule na kuwasaidia walimu. Mipango ikaisha, uzungukaji nao ukafifia, tukabaki na semina. Mwalimu huitwa mjini kwa siku chache, husikiliza, hupokea kijitabu, na Jumatatu hurudi peke yake mbele ya watoto wake.

Semina zina nafasi yake, lakini upungufu wake umejulikana kwa muda mrefu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Bruce Joyce na Beverly Showers wa Marekani walisisitiza kwamba mbinu iliyofunzwa kwenye semina huingia darasani kwa shida iwapo mwalimu hana wa kumsaidia akiwa kazini. Mwaka 2018 Matthew Kraft na wenzake walilinganisha tafiti 60 za ushauri wa namna hii. Waliona kwamba ufundishaji hunufaika kwa kiasi kikubwa na kwamba matokeo ya wanafunzi nayo hupanda, ingawa kwa kiasi kidogo zaidi. Lakini waliona pia kwamba faida hupungua mpango unapopanuliwa na kuwahusisha walimu wengi. Onyo hilo latuhusu sana sisi tupendao kuzindua mambo nchi nzima kwa siku moja.

Nchini Kenya, mpango wa Tusome, ulioanza kuenea nchi nzima mwaka 2015, uliwatumia maafisa wa serikali waliokuwapo tayari kuwatembelea walimu wa kusoma. Kwetu yupo Afisa Elimu Kata, na mwaka 2018 serikali iligawa pikipiki kwa maafisa hao. Wapo wasemao kwamba basi kazi hii apewe yeye. Mimi nasita. Afisa huyo ndiye afuatiliaye mahudhurio, majengo, takwimu na nidhamu ya walimu. Mwalimu gani atakayemkiri kwamba sehemu zinamchanganya, akijua kwamba kesho huyo huyo ataandika habari zake? Na ukweli ni kwamba wapo walimu wanaochanganyikiwa na sehemu. Si aibu yao peke yao: mwaka 2023 waliofaulu Hisabati katika mtihani wa Kidato cha Nne walikuwa takriban robo tu ya watahiniwa, na walimu wetu wa kesho watatoka miongoni mwa vijana hao.

Kwa hiyo mshauri na asiwe na faili. Daftari lake libaki mikononi mwa mwalimu, na mkuu wa shule asiwe na haki ya kulidai. Tutaambiwa kwamba walimu hawatoshi, na kwamba kumwondoa darasani fundi wa hisabati ni hasara. Hoja hiyo ni nzito. Lakini yawezekana akafundisha shuleni kwake siku tatu kwa juma, na siku mbili akazitembelea shule chache za jirani. Tena mshauri ambaye mwenyewe bado anashika chaki huaminiwa haraka. Jumuiya za ujifunzaji, ambamo walimu hukutana shuleni chini ya mpango wa MEWAKA, zingepata mtu wa kuziletea makosa halisi ya watoto ili yajadiliwe.

Na tuanze na kata moja. Katika muhula wa kwanza mshauri asipewe mtaala mzima, bali kutoa kwa tarakimu mbili katika Darasa la Tatu. Mwisho wa muhula watoto waandikiwe tena 52 − 27, na tuhesabu ni wangapi bado wanajibu 35.