Mpapindi si "aina ya mnazi"

Mwaka juzi niliandika makala ndefu kuhusu karafuu za Pemba kwa gazeti moja ambalo sitalitaja. Katika aya ya nne, nikieleza njia ya kutoka Konde kuelekea msitu wa Ngezi, niliandika kwamba karibu na nyumba ya mwisho ilisimama mipapindi mitatu, imebeba matunda mekundu. Gazeti lilipotoka, mipapindi yangu haikuwemo. Mahali pake palisomeka: "miti mitatu ya aina ya mnazi".

Nikampigia mhariri. Ni mtu mzima, mstaarabu, amenifundisha mengi. "Sasa mdogo wangu, mpapindi ni kitu gani? Nani huku Dar anaujua? Msomaji akikwama pale, gazeti lishakuwa la kufungia vitumbua."

Nikamwambia nilikuwa nimeweka sentensi nzima inayoueleza mti wenyewe.

"Niliiona. Nikaikata nayo. Nafasi."

Nimekaa na jibu hilo muda mrefu, na leo nataka kubishana nalo hapa, mbele ya watu wanaosema wanaipenda lugha. Hoja yangu ni hii: mti unaokosa jina kwenye maandishi yetu utakosa pia nafasi kwenye nyua zetu. Anayeanza kuukata si mwenye shoka. Ni sisi wenye kalamu.

Kwanza, tujue tunachokizungumzia. Mpapindi ni mti wa Pemba. Asili yake ni kisiwa hicho tu, na Ngezi, kaskazini magharibi, ndiyo nyumba yake kuu. Shina lake ni jembamba, la kijani, lenye pete nyeupe zilizoachwa na makuti yaliyodondoka. Mara nyingi mashina huota kadhaa pamoja kutoka shina moja la chini. Ndugu zake wengi wako Madagaska, wachache Komoro. Katika kundi hilo la spishi zaidi ya 100, huu mmoja ulivuka bahari ukaja kuwa Mpemba.

Sasa twende barabarani. Kila mkazi wa Dar anazijua zile bustani za miche kando ya barabara, ndoo na mifuko myeusi imepangwa hadi kwenye mtaro. Nilisimama kwenye moja nikauliza majina. Kijana akaanza kunionyesha kwa kidole: "Hii areka, bosi. Hii royali. Hii ya chupa. Zote pamu." Nikauliza mpapindi. Akacheka kidogo. "Huo wa Pemba? Hatuna. Huo si wa mapambo, bosi, huo wa porini."

Jamani. Mpapindi "wa porini" unapandwa kama pambo kwenye bustani za watu Florida, Hawaii na Queensland. Kuna wapenzi wa miti hii huko wanaubembeleza kama mtoto mchanga, na jina wanalolitumia, pembana au pembanus, limebeba jina la kisiwa chetu. Wao wanatamka Pemba kila wanapoumwagilia maji. Sisi tunaandika "aina ya mnazi".

Na ile "areka" inayouzwa kila kona? Si areka hata kidogo. Ni mti wa Madagaska wenye vikonyo vya manjano, ndugu wa karibu kabisa wa mpapindi, wa jenasi ileile. Kwa hiyo tunalipa hela kumleta uani binamu wa mbali, tena kwa jina la kuazima, huku wa kwetu tukimwambia abaki msituni. Areka ya kweli, ile ambayo wataalamu wanaiita Areca catechu, tunayo pwani tangu enzi za mababu na jina lake tunalo: mpopoo. Bibi aliyekuwa akikata popoo akaifunga kwenye tambuu alijua areka ni ipi. Mwenye duka la miche hajui. Hapo lugha ya bibi ilikuwa sahihi kuliko kibao cha biashara, na hakuna aliyemwambia kwamba msomaji atakwama.

Watu hudhani Kiswahili ni maskini upande huu kwa sababu hakina neno moja lililozoeleka la kuijumlisha jamii nzima, ndiyo maana "pamu" imepenya kirahisi. Mimi naona kinyume. Hakikuhitaji neno la jumla kwa sababu kilikuwa na majina mahususi: mnazi, mtende, mchikichi, mkindu, mkoma, mvumo, mwale, mpopoo, mpapindi. Tunda la mnazi peke yake linabadilisha jina kadiri linavyokua, kidaka, kitale, dafu, koroma, mpaka nazi. Lugha yenye macho makali kiasi hicho leo inaambiwa na wahariri wake ifumbe macho iseme "aina ya".

Na majina hayo si mapambo. Kila moja limebeba uchunguzi wa mtu aliyeutazama mti. Chukua kuti la mnazi, angalia vijani vyake pale vinaposhikana na upongoo. Vimekunjwa kama paa la nyumba: tone la mvua litateleza chini pande zote mbili. Sasa chukua la mkindu au la mtende. Vimekunjwa kinyume, kama mfereji, na tone linakaa ndani. Tena vile vya chini kabisa vimegeuka miiba, kamuulize yeyote aliyekwenda kukata ukindu wa mkeka bila uangalifu. Mkoma shina lake hugawanyika mara mbili, na kila tawi hugawanyika tena, jambo ambalo mnazi haulifanyi isipokuwa kwa ajali. Mvumo ukishakuwa mtu mzima hunenepa katikati kama mtu aliyeshiba. Na mwale, ambao makuti yake ni miongoni mwa majani marefu kuliko yote duniani, shina lake huchanua mara moja tu maishani, likazaa, likafa.

Mwandishi wa hadithi anayeyajua haya ana utajiri. Niambie ni mwandishi gani asingetaka mti unaochanua mara moja kisha unakufa?

Lakini tunaandika "minazi". Niliwahi kupewa muswada nitoe maoni. Hadithi inatokea kando ya mto Rufiji, na shujaa anapumzika chini ya "mnazi mmoja wa ajabu, mnene katikati, wenye majani kama kipepeo kikubwa". Macho ya mwandishi yalikuwa mazuri kabisa, kaona mvumo kama ulivyo. Alichokosa ni jina tu. Matokeo yake, kitu cha kawaida kabisa cha mahali pale kikawa kioja, na shujaa aliyezaliwa hapo akasikika kama mgeni aliyeshuka kwenye basi jana. Msomaji wa Rufiji angeifunga hadithi palepale, na angekuwa na haki.

Tafsiri nazo ni vivyo hivyo. Ukitafsiri riwaya ya Kinaijeria ambamo watu wanakunywa pombe ya mti, usikimbilie tembo la mnazi. Kule mti wenyewe kwa kawaida ni mchikichi au mwale, na majina yote mawili yamo kwenye kamusi yako. Mnazi utakihamisha kijiji kizima ufukweni.

Najua majibu yanayokuja. La kwanza ni la mhariri wangu: msomaji haelewi. Basi muulize msomaji huyohuyo alijifunzaje "jakaranda", au "algoriti". Alikutana na neno, likarudi, likarudi tena, likawa lake. Maneno ya mbali tunayapa nafasi ya kurudi. Mpapindi tumeunyima hata safari ya kwanza.

La pili: jina la Kilatini linatosha. Haya, lipi? Mwaka 1962 mtaalamu wa Kimarekani, Harold E. Moore, aliuita mpapindi Chrysalidocarpus pembanus. Mwaka 1995 ukahamishiwa jenasi nyingine, ukawa Dypsis pembana. Mwaka 2022 watafiti wakachambua upya kundi zima, ukarudishwa Chrysalidocarpus. Siwacheki, sayansi hujisahihisha na ndivyo inavyotakiwa. Ila miaka yote hiyo, kule Konde mti uliitwa mpapindi asubuhi na mpapindi jioni.

La tatu lina uzito zaidi, na sitalikwepa. Majina ya kienyeji hayatulii. Mkoma wa hapa ni mkoche wa pale na mlala wa bara, na pengine jina moja hushika miti miwili tofauti. Ni kweli. Ndiyo maana sisemi tutupe Kilatini. Nasema tuyaweke majina yote mawili ubavu kwa ubavu, kila moja lisahihishe mwenzake. Ninachokataa ni kuyafuta yote na kubaki na "aina ya mnazi", ambalo si jina la sayansi wala la bibi.

Wa mwisho atasema haya ni mambo ya wenye nyua kubwa na muda wa kuchezea. Labda. Lakini ule wa "chupa" wenye kitumbo, unaoota mbele ya benki na hoteli zetu, unatoka Round Island, kisiwa kidogo cha Morisi. Mbuzi na sungura walioachiwa pale walikula miche mpaka ikabaki miti mikubwa michache sana. Leo umejaa duniani kwa sababu bustani ziliupokea, mbegu zikapita mkono kwa mkono pamoja na jina. Ndugu yake, Hyophorbe amaricaulis, hakubahatika. Umebaki mti mmoja tu duniani kote, kwenye bustani ya Curepipe hukohuko Morisi. Maua yake ya kiume na ya kike hayafunguki pamoja, hivyo hauwezi kujizalisha wenyewe, na mwenzi hakuna. Siku mtu alipokumbuka kuuliza wengine wako wapi, hapakuwa na wengine.

Sisemi Ngezi imefika huko. Sisemi pia kwamba jina peke yake linaokoa mti. Nasema hakuna mtu anayetunza kitu kisichoitika.

Kwa hiyo nina maombi matatu. Wahariri: liacheni neno, na mliongezee sentensi moja ya kulieleza. Sentensi moja haijawahi kuua gazeti. Waandishi: kabla hujaandika "mnazi", muulize mtu anayeishi na huo mti anauitaje. Inachukua dakika mbili na salamu. Na nyie mnaopanda nyumbani: kila mche uwe na kibao chenye mambo matatu, jina la Kiswahili, jina la Kilatini, na mbegu ilikotoka. Miche midogo ya jamii hii hufanana mno, na usipoandika leo, mwaka wa tatu utakuwa unabahatisha. Wala usithubutu kung'oa mche msituni. Chukua mbegu kwa mtu aliyeupanda, kwa ridhaa yake, uzipande zingali mbichi, maana nyingi zikikauka hufa.

Mimi zangu nilipewa na mzee wa nyumba ile ya mwisho kabla ya Ngezi, mwenye mipapindi mitatu. Nilipomwamkia na kumwomba, aliokota matunda yaliyodondoka, akayafunga kwenye karatasi, akaniuliza kule Dar watu wanauitaje huu mti. Nikasema hawauiti kitu, mzee. Akanitazama kama niliyemwambia kwamba kule Dar watoto hawapewi majina.

Nilipanda mbegu tisa. Zimeota mbili, baada ya miezi iliyonikatisha tamaa, na ziko kivulini nyuma ya jiko, na kibao chake. Jirani yangu anapita kila siku kuchota maji. Wiki ya kwanza aliuliza, "Hizi pamu zako vipi?" Juzi aliuliza mpapindi unaendeleaje.

Mhariri wangu husoma hapa, ananiambia mwenyewe. Basi ajue: makala ya pili ya Pemba namtumia mwezi ujao. Mpapindi umo, na safari hii nimeuweka kwenye sentensi ya kwanza.