Mcheza kwao hutunzwa
Kuna wasomi wenzangu wanaoshikilia kuwa Sheng ni adui wa Kiswahili. Nawaomba waisikilize Ni Wakati, albamu ya kwanza ya Kalamashaka, iliyotoka mwaka 2001. Vijana hao watatu wa Dandora, Nairobi, waliusimulia ufukara wa mtaa wao kwa Kiswahili kilichochanganyika na Sheng, ilhali wenzao wengi katika muziki wa kufokafoka waliiga Kiingereza cha Wamarekani. Kundi la Ukoo Flani Mau Mau lilifuata njia iyo hiyo, na hadi leo msanii chipukizi wa Nairobi hahitaji ulimi wa kuazima. Mcheza kwao hutunzwa, walinena wahenga. Je, sisi walimu wa lugha tumewatunza, au tumewatilia kalamu nyekundu tu?