Mikono inayotetemeka: kabla ya kusema ulevi au uchawi

Mwezi wa Oktoba 2025 bei ya dhahabu ilipita dola 4.000 kwa aunsi moja, yaani gramu 31 hivi. Kabla ya hapo haikuwa imewahi kufika huko. Kwetu mashariki habari hiyo tuliiona kwanza kwenye viti vya kanisa: vijana wamekwenda machimbo, na walimu wasiolipwa wamewafuata. Tangu vita ilipofika Goma na Bukavu mwanzoni mwa 2025 na mabenki kufungwa, familia nyingi zinaishi kwa dhahabu. Siwalaumu. Lakini kazi hiyo ina deni ambalo halionekani siku ya malipo.

Wengi wenu mnaijua kazi yenyewe. Jiwe linatwangwa, mara nyingi na mama zetu, wale wanaoitwa “mamans twangaises” kule Kamituga. Unga unaoshwa kwa maji, kisha zebaki, ile “mercure” ya machimboni, inatiwa ili ikamate chembe za dhahabu. Donge linalopatikana linachomwa motoni: zebaki inapanda hewani, dhahabu inabaki. Watu wanaogopa zaidi kuimeza zebaki. Kumbe ikiwa bado majimaji, tumbo linapokea kidogo sana. Hatari kubwa iko kwenye moto. Mvuke wake ukivutwa, karibu asilimia 80 inapita mapafuni na kuingia katika damu. Hauna rangi wala harufu. Kitambaa puani hakiuzuii, na maziwa ambayo wengine wanakunywa baada ya kazi ni chakula kizuri, lakini si dawa ya zebaki.

Siku ya kwanza hakuna kitu. Mwaka wa kwanza pengine hakuna kitu. Baadaye usingizi unapotea, mtu anakasirika haraka au anaanza kuwaogopa watu, anasahau, fizi zinauma, mikono inatetemeka. Figo zinaharibika polepole. Na kwa mama mwenye mimba, zebaki inamfikia mtoto tumboni.

Hapa ndipo kanisa linaingia, na mimi sikuingia vizuri. Katika parokia moja niliyotumikia, shemasi wetu alikuwa mnunuzi wa dhahabu. Kwa miaka mingi alichoma ndani, katika chumba cha pili cha nyumba yake. Jumapili moja, mezani pa Bwana, kikombe kilitetemeka mkononi mwake na divai ikamwagika juu ya kitambaa cheupe. Wazee wakanong’ona. Mke wake alikuwa ameisha kulalamika kwamba papa amekuwa mtu wa hasira. Tulimwita, akaapa kwamba hanywi, hatukumwamini. Tukamsimamisha miezi sita. Kikundi cha maombi kikasema ni roho iliyotoka ukoo wa baba yake. Barua ya kumsimamisha niliiandika kwa mkono wangu. Ni muuguzi wa kituo cha afya, aliyekuja nyumbani kwa sababu ya mtoto mgonjwa, ndiye aliyeuliza: “Papa, unachomea dhahabu humu ndani?”

Chuo cha teolojia kilinifundisha Kigiriki na historia ya Kanisa. Hakikunifundisha kumuuliza mtu anafanya kazi gani kabla ya kumkemea pepo. Wanafunzi wa Yesu nao, katika Yohana 9, walimwona kipofu na swali lao la kwanza likawa ni nani aliyetenda dhambi.

Mtetemeko huu si mgeni duniani. Viwanda vya kofia vya Ulaya na Marekani vilitumia zebaki kutayarisha manyoya. Katika mji wa Danbury, Marekani, wafanyakazi waliotetemeka walikuwa wengi hata ugonjwa ukapewa jina la mji. Matumizi hayo yalikomeshwa kule mwaka 1941, baada ya vizazi vya mafundi.

Kwa nini sisi tunachelewa pia? Tazameni Kamituga. Mwaka 2023 aina mpya ya mpox ilionekana pale, na tarehe 14 Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani lilitangaza hali ya dharura. Madaktari walikuja, chanjo zikafuata, waandishi wa habari wakafika. Ni vizuri walikuja. Mpox inaonekana ngozini ndani ya siku chache. Zebaki inamla mtu katika mji uleule kwa miaka, na akifa watu wanasema ni figo, au ni jirani.

Upo Mkataba wa Minamata, unaofanya kazi tangu 2017, na kati ya mambo unayotaka yakome ni kuchoma donge bila kifuniko na kuchomea katika makao ya watu. Kipo pia chombo cha chuma kinachofungwa, chenye bomba linalopoza mvuke na kuurudisha kuwa zebaki, nayo inatumika tena. Wachimbaji wengine hawakipendi: kinachelewesha, na mtu anataka kuiona dhahabu yake kwa macho muda wote. Hofu hiyo naielewa, wameibiwa mara nyingi. Lakini wachimbaji ni maelfu, wanunuzi ni wachache, na mahali pengi mnunuzi ndiye anayechoma. Tuanze naye. Hatuhitaji kumtafuta mbali: jina lake liko katika daftari yetu ya zaka, na mara nyingi anakaa kiti cha mbele. Mchungaji anayepokea zaka hiyo anaweza kwenda kumwambia ahamishe moto, utoke katika nyumba wanamolala watoto, na mama wenye mimba wasiukaribie.

Shemasi wetu aliacha kuchoma. Mwili unaitoa zebaki taratibu, ila ubongo ukiisha kuumia haurudi wote. Barua ile tuliifuta mbele ya kanisa zima, nami nikamwomba msamaha. Sasa anagawa mkate. Kikombe ameomba wengine wakishike.