Usiniambie Ni Umri Tu

Kila Jumamosi wanawake kumi na mmoja tunakutana uani kwa mwenzetu mmoja, Majengo, hapa Moshi mjini, kuweka hisa za kikoba. Kikao huanza saa tisa alasiri. Hiyo ni kwa mujibu wa katiba yetu. Kwa mujibu wa ukweli huanza saa tisa na nusu, kwa sababu nusu saa ya kwanza ni ya kulalamika, na mweka hazina wetu, ambaye hata mtoto akilia anataka kumpiga faini, hajawahi kumtoza mtu hata shilingi mia kwa hilo.

Tunalalamikia vitu viwili: hewa na miili.

"Jamani, joto hili ni la wapi? Machi inakwisha, tone hakuna, vumbi limeingia mpaka kwenye sukari."

"Joto gani, dada? Mimi usiku khanga nimeikamua kama nimetoka kuifua. Sijui ni Moshi au ni mimi."

Hapo tunacheka mpaka jirani anachungulia. Tuko kati ya miaka 47 na 58. Hedhi hukoma kwa wanawake wengi kati ya 45 na 55, kwa hiyo juu ya mkeka ule, siku yoyote, wapo wanne au watano wanaojipepea kwa daftari la mkopo hata mwezi wa Julai, wakati mlima umejifunika wingu wiki nzima na watu wengine wamevaa sweta. Mmoja magoti yanalia akipanda kwenda Kibosho. Mwingine anasoma ujumbe wa simu ameunyoosha mkono kana kwamba simu inanuka. Wa Rombo ana gesi, na anatueleza kwa kirefu kuliko tunavyohitaji. Halafu kila lalamiko linafungwa kwa moja kati ya kauli mbili: "Ni hii hewa tu," au "Ni umri tu, mama."

Nina ugomvi na hilo neno *tu*.

Mwaka juzi katibu wetu, mwalimu wa shule ya msingi, mwenye mwandiko ambao ungeweza kuutundika ukutani, alianza kusema kichwa kinamgonga kisogoni. Ilikuwa Julai. Alisema wingu limemkalia kichwani, na sisi tukapenda maneno yake, tukayarudia kila Jumamosi. "Mwalimu, wingu limeshuka?" "Bado lipo." Agosti likaongezeka ganzi la vidole. Alienda zahanati moja kwa ajili ya kitu kingine kabisa, akagusia na hilo, akaambiwa apunguze mawazo, ndiyo umri wenyewe huo. Hakuvalishwa mkanda wa kupima presha. Jumamosi iliyofuata akatusimulia, na mimi, nakumbuka nilivyokuwa nimekaa, miguu nimeinyoosha, nikamwambia: "Si nilikuambia? Ni hii baridi. Ikifika Septemba utaona."

Septemba ilifika, jua likatoka, kichwa kikatulia. Nilijiona mtabiri. Oktoba, asubuhi ya siku ya shule, alianguka jikoni kwake akiwa anachemsha chai. Hospitalini walipompima walikuta 210 kwa 120. Upande wa kulia ukawa umepooza, na mkono wa kulia ndio uliokuwa unaandika daftari letu.

Naandika haya kwa sababu mimi ndiye niliyesema ni baridi.

Daktari yeyote ataniambia kwamba kichwa kuuma si dalili ya kuaminika ya presha, kwamba presha ya kupanda mara nyingi inakaa kimya mwilini miaka mingi bila kubisha hodi. Nakubali, na ndiyo hoja yangu. Kwa kuwa yenyewe haisemi, basi siku mtu wa miaka hamsini anapofungua mdomo kulalamikia chochote, liwe goti, liwe usingizi, iwe ni gesi ya Rombo, hiyo ni nafasi ya kumvalisha mkanda, na kazi yenyewe haichukui dakika tano. Sisi nafasi hizo tulizigeuza utani, wiki baada ya wiki, na aliyesomea kazi hiyo naye akaipitisha yake.

Wala hatuishi mahali ambapo presha ni habari ngeni. Wilaya ya Hai, ambayo ukitoka Moshi kwenda Arusha unaipita, watafiti waliwapima zaidi ya wazee 2,000 wa vijijini, wenye miaka 70 na kuendelea, wakachapisha matokeo 2013: karibu saba katika kila kumi walikuwa na presha ya juu. Hao ni watu wa migombani, wanaokata majani ya ng'ombe na kupanda vilima kwa miguu, ambao sisi wa mjini tunaamini hawaugui magonjwa ya mjini. Na mtu hafiki miaka 70 akaamka asubuhi na presha. Ameibeba tangu alipokuwa na umri wetu, amekaa kwenye mikeka kama huu wetu, na wenzake wakamwambia ni hii hewa.

Nisieleweke vibaya. Hewa nayo ina maneno yake mwilini. Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza, walifuatilia watu zaidi ya 2,600, wengi wao wenye maumivu ya viungo, waliokuwa wakiandika kila siku kwenye simu zao wameumwa kiasi gani. Matokeo ya 2019 yalionyesha kwamba siku za unyevu mwingi, za upepo na mgandamizo mdogo wa hewa ziliongeza maumivu, japo kwa kiasi kidogo. Kwa hiyo mwenye magoti ya Kibosho hasemi uongo. Nilichokipenda zaidi katika habari ile ni kwamba wale watu walikuwa wanaandika. Malalamiko yao yalikuwa na tarehe.

Umri nao ni kweli. Na mabadiliko ya tabianchi ni kweli, tena sisi ndio tusioweza kuyakana, maana ukiinua kichwa Moshi unayaona: barafu ya Kibo imepungua kwa zaidi ya theluthi mbili tangu ilipopimwa mwaka 1912. Lakini jambo kuwa la kweli hakulizuii kutumika kama kufuli. "Ni umri" inaufunga mlango wa chumba cha daktari. "Ni tabianchi" inaufunga wa ofisi ya mtaa. Aprili 2024, mwezi ambao Waziri Mkuu aliliambia Bunge kwamba watu 155 wamekufa nchini kwa mvua zile kubwa, maji yaliingia nyumba kadhaa za mtaa ninaokaa. Kiongozi mmoja alikuja, akasimama juu ya tofali ili asilowe viatu, akatuhutubia kuhusu tabianchi duniani. Nyuma yake kulikuwa na mtaro uliojaa chupa za plastiki na mabaki ya ujenzi, ambao tulikuwa tumeulalamikia tangu Novemba. Kwa mdomo. Alipouliza barua yetu iko wapi, hatukuwa nayo.

Hata huo mlima tunaukodolea macho mahali pasipo penyewe. Wanaouchunguza wanasema maji ya mito na mifongo yetu kwa sehemu kubwa hayategemei ile barafu ya kileleni inayopigwa picha; yanategemea msitu ulio chini yake, unaopata mvua nyingi na kuunasa ukungu. Oktoba 2020, na tena Oktoba 2022, moto uliwaka mlimani kwa siku nyingi, tukautazama usiku kutoka mjini kama watu wanaotazama fataki. Jumamosi yake tulilalamikia moshi.

Kuna kisa cha mlima huu ninachowasimulia wenzangu mpaka wamekichoka. Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann aliuona mlima kwa mbali, mweupe juu. Mwongozaji wake alimweleza ule weupe kwa neno moja: baridi. Rebmann akaandika Ulaya kwamba kuna theluji karibu na ikweta. London alikuwepo msomi wa jiografia, William Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika, naye akampinga kwa miaka na miaka, akisema mtu yule ameona mambo ya kufikirika. Mwalimu wetu, alipokuwa bado anaongea haraka, aliwahi kuniuliza kwa nini kila mtu anamkumbuka mzungu aliyeandika na yule aliyebisha, na hakuna anayemtaja aliyesema baridi. Sikuwa na jibu. Leo ninalo, na silipendi: yeye alisema tu, hakuandika.

Marehemu baba yangu alikuwa mkulima wa kahawa Kibosho. Kila mwaka alitundika jikoni kalenda ya chama cha ushirika, na penseli yake ikafungwa kwa uzi ili watoto tusiichukue. Mvua ya kwanza ya masika aliitilia duara. Kahawa ikitoa maua, msalaba. Mfongo ukikauka, mstari. Kalenda za zamani hakuzitupa. Alizikunja akazichomeka darini. Wazee wakianza kubishana kwamba zamani masika yalikuwa yanafika mapema, alikuwa anapanda kwenye ngazi. Mara nyingine alishuka na ushahidi kwamba wazee wanajidanganya, jambo lililowauma. Mama alipougua mgongo, aliutilia nukta kwenye kalenda ileile.

Mimi binti yake, mwenye simu inayoweza kuniletea utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa msimu mzima kabla haujaanza, mwaka mmoja nilidanganywa na mvua ya Februari. Nikakimbilia shamba la tambarare na kilo kumi za mbegu za dukani. Mahindi yakachipua vizuri, yakapigwa jua wiki tatu, yakafa kabla masika hayajafika. Nililalamika miezi miwili. Niliwauliza wenzangu nani alikuwa ameusoma utabiri wa msimu. Wote kumi walitazama mkeka.

Najua kuna watakaonijibu kwamba tushukuru. Kwamba mtu aliyefika hamsini ana pumzi, anakula mtori, analala kwake, alalamike nini? Hao nawaheshimu, baadhi yao wananiombea. Lakini nimegundua kwamba wanawake ndio wanaokumbushwa kushukuru mapema zaidi. Mwanamume akisema kiuno kinamuuma, nyumba nzima inatafuta gari. Mama yake akisema usiku hapati usingizi na moyo unamwenda mbio, anaambiwa hata bibi yako alipitia hayo. Ndiyo, bibi alipitia. Tulimuuliza alipitiaje?

Jibu gumu zaidi lilitoka kwenye mkeka. Nilipopendekeza tununue mashine ya presha kwa pesa za faini, na daftari la pili tofauti na la hisa, wa Rombo alinigeukia akiwa amekasirika kweli. "Mama, hii nusu saa ni ya kwangu," alisema. "Nyumbani nina mgonjwa, kazini nina bosi wa miaka thelathini. Hapa ndipo ninapocheka. Sasa na wewe unataka kuniletea kliniki." Wengine wakanyamaza, na nikajua wanamuunga mkono. Ana haki. Nusu saa ile imenibeba mimi mwenyewe katika msiba wa baba na katika mambo mengine ambayo hayahusu ukurasa huu. Sitaki kuiua. Ninachokataa ni kwamba kicheko kile kiwe ndicho jibu lote, maana mwalimu tulicheka naye vizuri sana.

Tulipiga kura. Sita kwa watano. Kura ya sita ilikuwa ya mwalimu mwenyewe, aliyeinua mkono wa kushoto.

Mashine tumeinunua duka la dawa hapa mjini, ile ya betri, ya kuvaa mkono wa juu. Tunapima kabla ya hisa, mtu akiwa ameketi dakika tano bila kuongea, sharti ambalo kwa kikundi chetu ni gumu kuliko riba. Ikizidi 140 kwa 90 tunarudia wiki inayofuata, na ikizidi tena mtu anasindikizwa hospitali na mwenzake mmoja, ili asije akaambiwa ni umri akiwa peke yake. Kwenye daftari lilelile tunaandika mvua. Wa Kibosho anatuletea ya juu, mimi ya tambarare, mwenye nyumba ya mjini. Mwandiko ni mbaya. Mwalimu anaukagua kila mara, anakunja uso, anajifunza kuandika kwa kushoto ili atunyang'anye.

Wa Rombo alikaa wiki nne akisema mkono wake hauvalishwi mtu. Jumamosi iliyopita ilinyesha, mvua ya nje ya msimu, tukajibana wote barazani na mkeka ukalowa. Alikuwa anatusimulia ya gesi yake. Katikati ya maneno akakunja mkono wa gauni na kuuweka juu ya stuli, akiendelea kusimulia, tukamwambia anyamaze dakika tano, akanyamaza tatu. Ilisoma 168 kwa 102. Akasema mashine imeingia maji. Tukafuta, tukasubiri, tukampima tena: 171 kwa 104.

"Ni hii mvua," akasema.

Hakuna aliyecheka. Mwalimu akachukua kalamu.