Kompyuta ikisema una shoti, nani atabisha?

Wadau, kila aliyewahi kukaa kaunta, iwe supamaketi, famasi au kituo cha mafuta, anaijua shoti. Unafunga siku, programu inasema mauzo laki sita, droo ina laki tano na nusu. Bosi hana mjadala: kompyuta haidanganyi, mwisho wa mwezi unakatwa. Nawe unanyamaza, maana kazi yenyewe uliipata kwa mbinde.

Hivi nani alituambia kompyuta haidanganyi?

Waingereza waliamini hivyo miaka mingi na wakafunga watu jela. Kuanzia 1999 Shirika lao la Posta lilisambaza programu ya hesabu iitwayo Horizon, ya kampuni ya Fujitsu, kwenye vituo vidogo vya posta. Vingi huendeshwa na watu binafsi ndani ya maduka yao, na posta ilikuwa inawadai wao kila pengo lililojitokeza. Basi mapengo yakaanza. Mama mmoja, Jo Hamilton, aliona pungufu ya pauni 2,000, akapiga simu ya msaada, akafuata maelekezo, na pengo likawa 4,000 palepale anaangalia! Mwingine, Seema Misra, alihukumiwa miezi 15 jela mwaka 2010 akiwa mjamzito, eti kaiba pauni 74,000. Zaidi ya watu 900 walitiwa hatiani. Wengi waliopiga simu kuuliza waliambiwa ni wewe tu mwenye tatizo hili.

Mpaka 2019, baada ya Alan Bates na wenzake, jumla yao 555, kwenda Mahakama Kuu, jaji akasema wazi kuwa Horizon ilikuwa na kasoro zinazoweza kuzaa mapengo, na kwamba mafundi wa Fujitsu waliweza kuingia kwa mbali na kugusa hesabu za kituo. Posta ilikuwa imekana hilo kwa miaka. Bunge likatunga sheria 2024 kufuta hukumu kwa mkupuo. Ripoti ya uchunguzi ya Julai 2025 ikasema huenda watu 13 walijiua kwa sababu ya kadhia hii.

Programu kuwa na kasoro si ajabu, hakuna isiyo nazo. Kilichoua watu ni kwamba mahakama za kule huanza na dhana kuwa kompyuta ilikuwa inafanya kazi sawasawa, anayebisha alete ushahidi. Sasa mwenye kiduka ataleta ushahidi gani wakati kumbukumbu za ndani zote anazo mwenye programu?

Turudi kwetu. Huku kwenye ofisi zenye Tally au QuickBooks sidhani kama mchawi wa kwanza ni kasoro ya programu. Mchawi ni neno la siri moja kwa makashia watatu. Asubuhi anaingia fulani, mchana anakwenda kula, mwingine anakaa palepale bila kutoka na kuingia upya. Bosi naye akipita anafuta risiti kwa jina lako. Jioni jina lililopo kwenye mashine ni lako, shoti ni yako. Na hii si ya maduka tu. Kenya mwaka 2015, kwenye sakata la shilingi milioni 791 za NYS, hoja kubwa ilikuwa neno la siri la ofisa mmoja kwenye mfumo wa malipo wa serikali, IFMIS: nani hasa alilitumia?

Kitu ambacho wengi hawajui: Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 hairuhusu bosi akate tu mshahara kwa hasara. Lazima ukubali kwa maandishi, iwe hasara imetokea kazini kwa kosa lako, akupe kwa maandishi sababu na hesabu ilivyopigwa, akupe nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya mshahara. Na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inakubali data za kompyuta mahakamani, ila uzito wake unapimwa kwa kuangalia zilivyotengenezwa na kutunzwa. Kwa hiyo ubishi unaruhusiwa, jamani.

Ila ubishi bila karatasi ni kelele. Dai jina lako la kuingilia tangu siku ya kwanza, hata kama wenzio watakuona mnoko. Ukienda chooni, toka kwenye mfumo. Hesabu droo mbele ya unayempokea zamu, msaini wote kwenye daftari, na ripoti ya kufunga siku chapisha nakala yako. Umeme ukikatika katikati ya mauzo, andika saa na namba ya risiti, maana hapo ndo mauzo mara nyingi huingia mara mbili au hayaingii kabisa. Daftari la shilingi mia chache, lakini Hamilton angekuwa na kumbukumbu za ndani za mashine yake, habari ingekuwa nyingine.

Najua kuna mabosi wanasoma hapa pia. Mara ya mwisho kumuuliza aliyekuuzia programu kwamba nani mwingine anaweza kuingia humo na kubadili hesabu ilikuwa lini? Kama hujawahi, muulize leo, na ukishajibiwa tuwekee jibu hapo chini tulijadili.