Programu ya Kusafisha Virusi Isitufungulie Kurasa za Intaneti



Leo nataka tuongee jambo ambalo wengi wanaliona dogo. Kuna hizi programu za bure za kusafisha virusi, tunazobeba kwenye flashi. Baadhi yake zikiwa katikati ya kazi zinafungua ukurasa wa intaneti zenyewe, bila kuuliza. Mara "asante kwa kututumia", mara tangazo la toleo la kulipia, mara maelekezo. Nasema bila kuzunguka: hiyo tabia ni mbaya na watengenezaji waiache. Programu ya kusafisha isafishe kwanza. Ukurasa usubiri.

Kwanza, mashine yenye virusi haiaminiki. Wako watakaosema, "Lakini ukurasa ni wa kampuni yenyewe, shida iko wapi?" Shida ni kwamba kwenye mashine chafu, jina la tovuti linaweza kukupeleka kwingine kabisa. Someni habari ya DNSChanger. Hicho kirusi kilibadilisha mipangilio ya kompyuta, ukiandika anwani ya tovuti unapelekwa wanakotaka wezi. Pia kilizuia antivairasi isijisasishe. FBI walipotangaza kuwakamata wahusika Novemba 2011, kompyuta kama milioni 4 katika nchi zaidi ya 100 zilikuwa zimeambukizwa. Sasa niambieni, mashine ya namna hiyo ikifunguliwa ukurasa kabla haijapona, nani ana hakika unatoka kwa kampuni?

Tena virusi vingi vya matangazo vinakaa ndani ya brauza yenyewe. Ndiyo maana programu nyingi zinatuambia tufunge kila kitu kabla ya kuanza. Tunafunga. Halafu yenyewe inafungua brauza! Ni sawa na muuguzi anayekuosha kidonda huku anaita nzi.

Pili, na hii ndiyo inaniuma zaidi, inaharibu mafundisho yetu. Sisi tunaojitolea kwenye chumba cha kompyuta tunawafundisha mama zetu na wadogo zetu kanuni moja: ukurasa ukijifungua wenyewe na kusema mashine yako inaumwa, bofya hapa, huyo ni mwizi, funga. Wameielewa. Kisha programu tuliyowaambia ni nzuri inafanya vilevile: inajifungulia ukurasa, maandishi mekundu, kitufe kikubwa cha kununua. Mama wa watu atatofautishaje? Kesho mwizi akija na ukurasa wa kufanana, atabofya, maana tumemzoesha.

Na hapa kambini kubofya vibaya si mchezo. Kompyuta moja inatumiwa na watu wengi kwa siku. Kuna anayefungua barua pepe kufuatilia kesi yake ya kuhamishiwa nchi nyingine, kuna anayeomba nafasi ya masomo. Paswedi ikiibiwa, mtu anaweza kukosa ujumbe aliousubiri miaka. Nani atamrudishia?

Tatu, bando. Ukurasa wenye video na picha unakula MB, na hizo MB kuna mtu amezinunua. Na ukiwa umechomoa intaneti kabla ya kusafisha, kama inavyotakiwa, ukurasa unaleta maandishi ya kosa. Mtu anadhani mashine imekufa, anaizima katikati ya kazi.

Najua jibu la upande wa pili: "Wanatupa bure, nao wale wapi?" Ni kweli, watu wanahitaji kula, sipingi. Waweke kitufe cha kuchangia ndani ya programu, kazi ikiisha. Lakini saa ya hofu si saa ya biashara. Mwaka 2019 huko Marekani, Office Depot na kampuni ya Support.com walikubali kulipa jumla ya dola milioni 35, baada ya serikali kuwashitaki kwamba programu yao ya kupima kompyuta ilikuwa ikiwadanganya wateja kuwa kuna dalili za virusi, ili wanunue huduma ya matengenezo. Kupima na kuuza vikilala kitanda kimoja, ndiyo hayo yanayozaliwa.

Wengine watasema maelekezo ni lazima. Sawa, yaandikwe ndani ya programu. Ripoti iwe faili la kawaida kwenye mashine, linalosomeka bila intaneti. Inawezekana: Microsoft Defender Offline inawasha kompyuta upya na kuikagua kabla Windows haijafunguka, na haihitaji kukufungulia ukurasa wowote.

Sisi wa vyumba vya kompyuta tusisubiri watengenezaji. Nashauri tukubaliane hivi:

1. Programu ipakuliwe na kusasishwa kwenye mashine safi, iletwe kwa flashi iliyokaguliwa.
2. Intaneti ichomolewe kabla ya kuanza.
3. Programu inayofungua kurasa bila kuuliza, itoke kwenye flashi zetu hata kama inasifiwa.
4. Waliotumia mashine ile wabadilishe paswedi, wakiwa kwenye mashine nyingine iliyo safi.

Asiyekubali aandike hapa chini na sababu zake, tubishane kwa heshima. Anayekubali amfikishie mwenzake anayesimamia kompyuta kwenye kambi nyingine.